Kinanda cha Ruziba, Kompyuta ya Shemeji

Mke wangu alikuwa mwimbishaji wa kwaya yetu pale Kanyosha, na kwa muda mrefu hakuna aliyegundua kwamba shingo yake inanenepa. Yeye mwenyewe alidai ni kwa sababu anakula vizuri. Uongo mtupu, maana miaka ile ya vita hakuna mtu wa mtaa wetu aliyekula vizuri. Daktari alimpapasa kidogo tu, akasema ni rovu, na kwamba likiachwa litamkaba pumzi, kwa hiyo lazima apasuliwe. Halafu, akiwa ameshaanza kunawa mikono, akaongeza kwamba mshipa wa sauti unapita jirani na pale atakapokata. Pengine sauti itarudi ilivyo, pengine itarudi nyingine.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mimi nilikuwa nikiwaza visu na damu. Yeye alikuwa akiwaza wimbo.

"Mi nataka muniweke mu kaseti mbele banikate," alisema tulipokaribia nyumbani. "Wimbo moja tu. Ule wangu."

Wimbo ule aliutunga mwenyewe tulipovuka mpaka kutoka Uvira kuja Kanyosha, na watu walikuwa wakija kanisani kwetu kuusikiliza huku wakijidai wamefuata mahubiri. Nilimwahidi tutaurekodi pale pale sebuleni. Nilisema hivyo kwa ujasiri wa mtu asiye na chombo hata kimoja. Kinanda nilichokuwa nikikipiga kila Jumapili kilikuwa mali ya kanisa, na mchungaji alikifungia kabatini kama divai ya meza ya Bwana.

Mimi ni mtu wa vitu vinavyoshikika. Siku za kazi nilikuwa nikipanga magunia katika ghala moja kule Zone Industrielle, kwenye viwanda, na gunia halikufundishi kuamini usichokiona. Kwa hiyo niliposikia kwamba mwenye baa moja ya kando ya ziwa, Ruziba, anauza kinanda, nilikwenda mbio. Baa ilikuwa imedoda. Nani angekaa kunywa na kucheza muziki wakati amri ya kutotoka nje inawarudisha watu wote nyumbani mapema kama kuku? Kinanda kilikuwa kizito, cheusi, na vibao vyake vilikuwa na uzito wa kweli chini ya kidole. Ukikigonga, aliye chumba cha pili anajua umekasirika. Kilikuwa na sauti za tarumbeta, za filimbi, na ngoma zake mwenyewe. Nilikipenda pale pale.

Lakini shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, naye alikuwa na lake. Alikuwa fundi wa kompyuta mjini, kijana mtanashati mwenye kujibu kila swali kabla hujalimaliza. Alikuwa amepata kompyuta kuukuu ya ofisi, bado haijalipiwa, iliyogeuka rangi ya njano kama meno ya mvutaji, na ndani yake akaweka programu iliyojaa vyombo: ngoma, gitaa, besi, fidla, vyote bila mwili. Nilimwambia anionyeshe ngoma iko wapi. Akanionyesha vijistari vya rangi kwenye kioo. Nikamwambia ngoma isiyo na ngozi siyo ngoma.

"Na umeme ukikatika?" nikamuuliza.

"Na kinanda chako, shemeki, kinatumikaka na nini? Makala ya kupikia?"

Akiba yetu ilitosha kitu kimoja, hapakuwa na nafasi ya kumfurahisha kila mtu. Tulibishana mpaka mke wangu akachoka kutusikia. Siku moja alituketisha mbele yake, mmoja kila upande wa kinu, na yeye katikati akitwanga sombe, majani ya muhogo, kama mtu anayetwanga vichwa vyetu.

"We," alianza na mimi. "Nikiimba na kinanda yako, vyote vinaingia mu kaseti pamoja?"

"Vyote pamoja. Kama kanisani."

"Nikikosa?"

"Unaanza tena."

Akamgeukia mdogo wake. "Na we?"

"Yaya," alimwita kama tunavyomwita dada mkubwa, "sauti yako inakaa peke yake. Ngoma peke yake, gitaa peke yake. We uimbe sasa. Bile bingine mi nitabipika polepole, hata ukiwa ku hospitali."

Akatwanga kidogo, akafikiri, akapangusa mchi.

"Basi kompyuta," alisema. "Mi sina siku mingi za kuanza tena."

Nilinuna. Nilikwenda Ruziba kumwambia mwenye baa asinisubiri. Nikaomba nikipige mara ya mwisho, nikakipiga mpaka mke wake akatoka jikoni kuangalia nani amekufa.

Sebule yetu ikageuka studio. Tuliegemeza magodoro ukutani kuua mwangwi, na mahali magodoro yalipoishia tukapigilia trei za mayai tulizokusanya kwa wauzaji wa sokoni. Mbele ya maikrofoni ya kuazima ilihitajika kitu cha kuzuia pumzi zisipige. Shemeji akaomba soksi ndefu ya dada yake, ile laini ya Jumapili, akaivuta juu ya waya uliopindwa duara. Mke wangu aliitoa kwa uchungu. Alisema sasa anaelewa kwa nini wanamuziki hawaoi.

Hapo ndipo tulipokwama, na tulikwama kwa jambo ambalo sote watatu tulilijua tangu utotoni. Kwaya zetu za upande wa Uvira haziimbi wimbo kwa mwendo mmoja. Ubeti wa kwanza unaimbwa kama watu wamekaa, wa pili kama wameinuka, na wa tatu unapashwa moto. Mwimbishaji anainua bega, akina mama wanapiga makofi, na wimbo unaanza kukimbia. Hakuna anayehesabu. Unaangalia lile bega tu. Shemeji, aliyezaliwa na kulelewa katika kwaya hiyo hiyo, alikuwa ametengeneza ngoma zake zote kwa mwendo mmoja ulionyooka, kisha akamvisha dada yake hedifoni zenye kudonoa *tik, tik, tik*, akamwambia aimbe.

Aliimba. Jamani, ilikuwa vibaya. Sauti ilikuwa yake, maneno yalikuwa yake, lakini wimbo ulikuwa umelala. Kila alipotaka kukimbia, ile tiki ilimvuta shati. Mara ya kwanza alivumilia, mara ya pili akakohoa, na mara ya tatu akavua hedifoni akaziweka juu ya meza.

"Hii kitu inanihesabia kama miye ni askari," alisema. "Zima. Niitie bamama."

Wakaja wanawake wanne wa kwaya, wakapanga viatu mlangoni. Shemeji akazima tiki, akafuta na ngoma zake zote alizokuwa akijivunia. Mke wangu akafumba macho, akaanza. Katikati ya ubeti wa pili mlio mmoja mzito wa mzinga ulishuka kutoka vilima vya juu ya Kanyosha. Hakuna aliyesita, tulikuwa tumeshazoea. Ulipofika ubeti wa tatu bega likainuka, makofi yakalipuka, na sebule yangu ikawa ndogo. Nilisimama mlangoni nikilia na wala sikujificha. Sikujua kama nitaisikia tena sauti ile.

Shemeji alisikiliza, akasema hata ule mlio wa vilimani umeangukia mahali pake, akauacha.

Wiki iliyofuata mke wangu akalazwa. Upasuaji ulikwenda salama, na daktari akaamuru asiseme neno mpaka kidonda kitulie. Aliporudi nyumbani, watoto aliwaita kwa makofi: moja kwa mkubwa, mawili kwa mdogo, na mfululizo kwangu. Shemeji naye alikaa mbele ya kompyuta akilipa dhambi zake. Kwa kuwa dada yake alikuwa ameimba bila tiki, ilibidi kila pigo la ngoma na kila mkwaruzo wa gitaa ausogeze kwa kipanya, mmoja mmoja, mpaka uangukie pale dada alipoweka mguu. Alipokimbia, vyombo vikimbizwe. Alipovuta pumzi, vyombo vingoje. Nilimpelekea chai, na kusema kweli nilimpelekea ili nimcheke. Kwa kinanda cha Ruziba kazi ile ingekuwa ya jioni moja. Nilimwambia hivyo kila nilipoweka kikombe.

Neno la kwanza la mke wangu lilikuwa "Maharagwe." Yalikuwa yakiungua, na kosa lilikuwa langu. Lakini lile neno lilitoka chini, zito, lenye mchanga ndani yake. Watoto walicheka, wakasema mama anazungumza kama baba. Yeye pia alicheka, akageuza mwiko.

Jumapili alirudi kwenye mstari wa kwaya. Nilikuwa nyuma ya kinanda cha mchungaji, nikamwona anafungua mdomo na kuufunga pamoja na wenzake, na hakuna kitu kinachotoka. Wengine hawakutambua. Mimi nimekaa na mdomo ule miaka mingi, naujua ukiwa unafanya kazi na ukiwa unadanganya. Niliumia kuliko siku ile ya daktari.

Nikadhani dawa ni kumsikilizisha wimbo wake. Shemeji alikuwa ameumaliza, ukawa mzuri hata mimi sikupata pa kuutia kasoro. Tukamwita. Alisikiliza amesimama, kitenge kibichi mkononi, mpaka ubeti wa kwanza ukaisha.

"Toa uyu mama," alisema.

Shemeji aliniangalia. Nilitaka kuomba radhi, lakini mke wangu alikuwa amenyoosha kidole kwenye kioo.

"Si ulisema anakaa peke yake? Mutoe. Acha vyombo."

Shemeji akabonyeza mahali, na ile sauti niliyoililia mlangoni ikatoweka katikati ya neno, vyombo vikaendelea bila mtu. Mke wangu akajaribu kuingia. Sauti ikapanda kidogo ikakwama, akakohoa.

"Shusha."

Shemeji akashusha vyombo vyote ngazi moja ya noti, kwa kidole. Mke wangu akajaribu tena. "Shusha." Vikashuka tena, gitaa, besi na fidla, bila kunung'unika. Vilishuka mpaka nikaona aibu kwa yote niliyokuwa nimeyasema juu yavyo. Na mahali fulani huko chini, sauti ile mpya ikapata sakafu ikasimama. Ilikuwa ya mwanamke mwingine, mkubwa kidogo, aliyeona mambo. Ubeti wa tatu ulipokaribia nilimwona anaogopa. Lakini vyombo vilikimbia vyenyewe, pale pale alipokuwa akikimbia yeye, kwa kuwa shemeji alivipanga juu ya mwendo wake. Bega likainuka.

Ulipokwisha, shemeji akapangusa kipanya kwa shati lake, akauliza polepole, "Yaya, ile ya zamani niifute?"

"Apana. Iache," alisema. "Batoto bajue baba yabo alioa nani."

Kisha akaniambia nifunge mlango tuanze tena, kwa sababu ubeti wa kwanza haukumridhisha.