Siku Bibi Alipomwita Luhende Mbele ya Boma

Nikisikia harufu ya chokaa mbichi, popote nilipo, narudi Shinyanga ya utoto wangu, siku ulipozinduliwa mnara wa kuwakumbuka askari waliokufa vitani, mbele ya boma. Chokaa yake haikuwa imekauka. Sisi watoto tulioegemea tulirudi nyumbani na migongo myeupe, na mama zetu walitukung'uta vumbi kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Vita vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa nyuma. Mjomba Luhende, mtoto pekee wa kiume wa Bibi, alikwenda Burma na askari wa Keya, jeshi la Waingereza, hakurudi. Tarishi wa serikali alileta habari za kifo, lakini Bibi alikataa katakata kuweka matanga. Maiti hakuna, kaburi hakuna, na tarishi mwenyewe hakumjua Luhende hata kwa sura.

"Walipomchukua walimwita kwa jina mbele ya watu," alisema. "Wakimtaja tena mbele ya watu, nitamlilia."

Majirani walimwona mkaidi. Wengine walinong'ona kwamba akili zimemruka.

Basi tuliposikia mnara umekamilika, Bibi alijifunga kaniki mpya, akajipaka samli mpaka uso ukang'aa, tukaondoka kijijini alfajiri. Mimi nilimbebea kigoda chake, maana hakuwa na imani na viti vya serikali. Nilikuwa na mapengo mbele na maswali yasiyoisha.

Bwana Disii, Mzungu mkuu wa wilaya, alivaa kofia ya manyoya ambayo jogoo wetu angeitambua kama ndugu yake. Alihutubia, mkalimani akafasiri: ushujaa, Mfalme, shukrani. Bibi alinyoosha shingo akingoja jina la mwanawe. Kitambaa kikavutwa, na mwalimu mmoja aliyesimama karibu nasi akatusomea maandishi. Yalikuwa maneno machache ya kuwasifu askari wa wilaya. Jina halikuwapo hata moja. Nilihisi mkono wa Bibi ukilegea ndani ya wangu, nikaumia, jamani, nikaumia kweli.

Kisha tarumbeta likalia, mkalimani akatangaza kwamba watu wote wanyamaze. Uwanja mzima ukatulia.

Sasa, kwetu sisi, watu wakinyamazishwa msibani maana yake ni moja tu: mwenye msiba anataka kusema. Bibi alitazama kushoto na kulia, akaona umati wote, pamoja na Wazungu, umemnyamazia yeye. Akapanda juu ya kigoda.

"Luhende ng'wana Maganga!" akaita, Luhende mwana wa Maganga.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilijua tunakwenda jela. Lakini katika mstari wa askari waliorudi alisimama Sajini Shija, mtu wa kijiji jirani, aliyekuwa kikosi kimoja na mjomba. Jeshi lilikuwa limemfunza kwamba jina likiitwa halikosi kuitikiwa. Akagonga visigino.

"Yupo, afande!"

Mama mwingine akaita wa kwake. Akaitikiwa. Mzee mwenye mkongojo akafuata, na mjane wa mjini akamwita Juma wake, na sasa kila jina lilipoitwa mstari mzima ulinguruma, "Yupo!" Bwana Disii alikuwa amekwisha kupiga saluti kwa ajili ya ule ukimya wa kuwakumbuka waliokufa, na askari wakiwa wima namna ile hakupata namna ya kuushusha mkono. Ukabaki kofiani hadi jina la mwisho. Hapo vigelegele vikapasuka, nami nikapiga vyangu, vikitokea kwenye mapengo. Siku ile nilijiona mkubwa kuliko serikali.

Nyumbani nilitarajia ngoma. Bibi alivua ushanga, akaketi chini, akaangua kilio ambacho sijapata kukisikia tena. Majirani walikuja mbio, ng'ombe akachinjwa, matanga yakawekwa. Nilichanganyikiwa, nikamvuta kaniki.

"Bibi, si tumeshinda?"

"Tumeshinda, mjukuu wangu," alisema. "Ndiyo maana nalia."

Kwa miaka mingi nilidhani uchungu ulikuwa umemvuruga maneno. Nilikuja kuelewa nilipokuwa mama wa watoto wa kiume mimi mwenyewe. Sote tulisema Bibi amekataa kulia, kumbe alikuwa amenyimwa. Siku ile alikwenda mjini kwa miguu yake, akaichukua haki ya kumlilia mwanawe, akarudi nayo nyumbani.