Nshapokea Kazi ya Masoud

Skulini kwetu mie nnajulikana kwa mzaha na kuchelewa, basi najua hapo ulipo ushaanza kutabasamu ukisubiri pa kuchekea. Cheka, sikukatazi, vya kuchekesha vimo. Lakini kisa hiki kimenifika mie mwenyewe, si rafiki yangu wala binamu wa rafiki yangu, tena mchana, jua linawaka, nna akili zangu zote, japo mwalimu wetu wa hesabu atakwambia ni chache. Huamini? Njoo Alhamisi baada ya alasiri unishike bega la kulia. Utaondoka na kiganja kimerowa.

Dada yangu Salma kazi yake ni kuwafunza mafundi wa kompyuta wa maofisini. Likizo ile alikuwa na mafunzo kwenye ofisi moja ya Mji Mkongwe, jina silitaji, ya watu wanaokarabati majumba ya zamani. Walinunua programu kubwa ya kusimamia miradi: nani afanye nini, aanze lini, amalize lini, na nani ana ruhusa ya kuona nini. Programu kama hiyo huweki ukaondoka. Lazima awepo mtu wa kukaa langoni mwake, huyu amfungulie, yule amfungie. Watu hao ndio Salma akiwafunza.

Wanafunzi wake wakikaa wawili wawili, na mmoja akaumwa. Bi Rukia, mama mmoja mpole wa ofisini pale, akabaki peke yake. Salma akanitia mie.

"Kaa hapo, fanya nnalosema, na huo mdomo ufunge kama duka Ijumaa saa ya sala."

"Duka likifungwa wateja watakwenda wapi?"

"Wataokoka."

Siku ya kwanza tukaiweka programu kwenye seva, tukaingiza watumiaji wote waliokuwemo kwenye mfumo wa zamani, tukafunzwa kugawa kazi. Salma alikuwa keshaigeuza ile programu kwa Kiswahili, na sehemu moja nilimpenda kwayo. Ukitaka kumpa mwenzako kazi yako, unabonyeza *Kabidhi*. Lakini kazi haiondoki mikononi mwako mpaka yeye, kwenye kompyuta yake, abonyeze *Nimepokea*. Asipobonyeza, mzigo ni wako vilevile.

Kisha akatupa sharti. "Kila kazi iwe na mwenyewe, na iwe na tarehe ya mwisho. Kazi isiyo na mwisho si kazi, hayo ni maisha, na mfumo wangu hauendeshi maisha ya mtu."

"Basi kuosha vyombo kwetu ndio maisha yangu," nikasema. Bi Rukia akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Hilo likumbuke, kwa sababu muda si muda akaacha kucheka.

Mkuu wa ofisi, mzee mmoja mkavu kama mkate wa jana, aliingia kutazama. Salma akataka kumwonesha namna ya kumfuta mtumiaji. "Mfuteni Masoud," mkuu akasema. "Hayupo tena." Bi Rukia akainamisha kichwa. Mie nikaona, ah, labda aliacha kazi kwa ugomvi.

Salma akabonyeza. Mfumo ukagoma. *Mtumiaji huyu ana kazi moja ambayo haijapokewa.* Akatafuta hiyo kazi, hakuiona. Ukurasa wa Masoud mweupe, hauna kitu. Akafuta tena, ukagoma tena. Akauzima mfumo mzima na kuuwasha. Ng'o!

Mkuu akasema, taratibu, kama watu wanaojua kuumiza: "Mtu mmoja tu mfumo huu haumtoi, ndio utaendesha miradi yetu yote? Kesho jioni nakuja. Ukiwa bado hivi, tutarudi kwenye karatasi zetu, na wewe Bi Salma tutakushukuru."

Unajua maana ya kushukuriwa hivyo? Maana yake usirudi tena. Salma ndiye anayenilipia skuli, tangu baba alipoondoka. Usiku ule hakula. Na mie, amini usiamini, sikufanya mzaha wowote.

Siku ya pili, adhana ya alasiri ikaadhiniwa, watu wote wakateremka kwenda kusali. Nami ningeteremka, lakini nilimwambia Salma nitafuata, nataka kumtazama Masoud kidogo. Nilikusudia ukurasa wake. Mdomo wangu bwana!

Umeme ukakatika. Feni zikasimama, kompyuta zote zikafa. Zote isipokuwa yetu mie na Bi Rukia. Ni kompyuta ya mezani, haina betri, haina chochote cha kuishika. Ikabaki inang'ara. Nikajisemea, leo wameniwekea mtego.

Ngazi za nyumba ile ni za mbao kuukuu. Akipanda paka, unajua ni paka gani. Basi niulize nilisikia nini kabla mtu yule hajavuta kiti cha Bi Rukia akakaa. Sikusikia kitu.

Kijana wa makamo, shati jeupe, kofia ya kiua, uso wa mtu aliyeamka mapema. Bega la kulia limerowa chapa mpaka kiunoni, maji yanachuruzika kwenye kiti.

"Kaka," nikamwambia, "hilo bega limekojolewa na nani?"

Akacheka. Kicheko kizuri, cha mtu wa kawaida kabisa. "Dumu halina kifuniko. Mie Masoud."

"Kumbe ndiye wewe uliyetukwamisha! Kaka, dada yangu anafukuzwa kazi kwa ajili yako. Umeacha kazi gani humu isiyoonekana?"

"Ipo," akasema. "Kila nikimkabidhi mtu hapokei. Nami siwezi kuondoka mpaka ipokewe."

Hakugusa kibodi, wallahi. Alitazama tu kioo, na ule ukurasa mweupe ukaandika mstari mmoja: *Maji ya Bi Mize. Michenzani, ghorofa ya juu. Kila Alhamisi.* Pa tarehe ya mwisho, patupu.

Sasa wewe ungekimbia? Usinidanganye, ungekimbia. Mie akili yangu ilikuwa kwa Salma tu. Nikasema huyu jamaa kahamia ofisi nyengine, kaja kusafisha jina lake, na hiyo kazi kaiandika kwa mzaha, kama ambavyo ningefanya mie.

"Nipe mie basi!" nikamwambia. "Maji tu? Nipe yaishe."

"Unajua unachosema?"

"Kaka, mie nimekwisha osha vyombo vya harusi tatu. Kabidhi!"

Akanitazama sana. Kitufe cha *Nimepokea* kikatokea, nami nikakibonyeza pale pale. Hakikwenda.

"Kupokea si kubonyeza," akasema. "Amana hupokewa kwa mdomo."

"Haya. Nshapokea."

Akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kichwani. Umeme ukarudi, feni zikaanza kulia, nikageuka kuzitazama. Nilipomrudia, kiti kilikuwa kitupu, tena kikavu. Bega langu mie ndilo lililokuwa limerowa.

Wenzangu waliporudi walinikuta nakamua shati. Mkuu akaja mapema. Salma akabonyeza kumfuta Masoud. Mfumo ukajibu kwa adabu zote: *Kazi imepokewa. Mtumiaji ameondoka.* Na chini yake, kwenye jina langu mie, ukatokea ule mstari.

Mkuu akasoma. Uso wake mkavu ukalegea. "Nani kaandika hivi?"

"Masoud," nikasema. "Alikuwa hapa. Kavaa kofia ya kiua."

Bi Rukia akakaa chini, sakafuni. "Kofia ya kiua ndiyo aliyokutwa nayo kichwani siku ile," akasema. "Mwanangu, Masoud kafa kabla ya Ramadhani. Alianguka ngazini Michenzani, dumu begani, akimpandishia mama yake maji."

Mafunzo yakaisha. Salma akapewa mkataba wa kuendelea. Mie nikapewa homa.

Utasema Alhamisi ya kwanza nilikwenda mbio. Hata! Nilikwenda Forodhani, nikajifanya sina habari. Nimesimama na bakuli la urojo, bega likaanza kutoa maji. Sio jasho, maji, baridi, yanateremka mkononi yanaingia ndani ya urojo. Yule muuzaji akaniambia, "Kijana, wewe mfereji ama mteja?" Watu wakacheka. Mimi, bingwa wa kuchekesha watu, nikajua kucheka kwao kunauma vipi. Nikaweka bakuli, nikashika njia ya Michenzani.

Maji kule juu hayapandi sana, hasa ghorofa ya mwisho. Nikaazima dumu kwa watoto wa chini, nikajaza, nikapanda. Ile ngazi ndefu bwana! Nilifika mlangoni pumzi zipo mdomoni.

"Hodi."

"Karibu. Umechelewa."

Bibi mdogo mdogo, macho yamefunga ukungu, kakaa kwenye mkeka na nguo zake za sala zimekunjwa pembeni zinasubiri kufuliwa kwa ajili ya Ijumaa.

"Shikamoo Bi Mize."

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye mdomo?"

"Nani kakwambia?"

"Masoud. Kaniambia atakuja kijana mwenye mdomo, nisimkasirikie."

Nikaliweka dumu chini kabla halijaanguka lenyewe. "Kakwambia lini, bibi?"

"Siku ile mlipoonana. Alikuwa akija kila Alhamisi, tangu tumzike. Nasikia dumu linawekwa hapo mlangoni, nanyoosha mkono, tupu. Maji yote yashamwagika njiani, yamemwagikia yeye." Akapangusa mkeka kwa kiganja, hapakuwa na kitu cha kupangusa. "Maiti hawezi kubeba maji, mwanangu. Huja, lakini hawezi kubeba. Majirani wakinisaidia, Mungu awalipe, lakini yeye hataki kusikia. Namwambia, nenda ukapumzike. Ananambia, nimpe nani?"

Nikammiminia maji kwenye ndoo ya hapo mlangoni. Akatia mkono ndani, akauacha humo muda mrefu, kama anayepima kitu kisicho maji.

"Na sasa?" nikauliza. "Bado huja?"

"Tangu upokee, haji tena." Akatabasamu. "Alhamdulillahi. Kapumzika." Lakini uso wake ulikuwa umeelekea mlangoni, na aliyekuwa mlangoni ni mie tu.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichopokea. Nilidhani nimepokea dumu. Kumbe dumu ndilo jepesi kwenye mzigo ule. Yule bibi alikuwa na mwanawe kila Alhamisi, maiti ndiyo, mikono mitupu ndiyo, lakini mwanawe. Na mie kwa neno moja la kijinga, la kumwokoa dada yangu, nikampumzisha mmoja na kumwacha mwengine mpweke. Nimefanya vyema au vibaya? Nimemuuliza Salma. Salma, mwenye jibu la kila kitu, akasema, "Nenda tu."

Basi nnakwenda. Nnapandisha maji, nnafua zile nguo zake za sala, kisha nnakaa. Nnamhadithia mwalimu gani kateleza mbele ya bendera, nani kafukuzwa darasani, na mara nyingi ni mie. Anacheka mpaka meno yake yaliyobaki yanaonekana. Siku moja aliniita Masoud kwa kusahau. Sikumsahihisha. Nikasema, "Naam, mama."

Na bega? Kila Alhamisi, baada ya alasiri, linaanza kurowa kabla sijafungua mfereji. Nikichelewa linachuruzika. Nimeshazoea, nnavaa shati jeusi.

Kwenye mfumo wa Salma mstari ule upo mpaka leo. Kajaribu kuutia tarehe ya mwisho, ukakataa. Hakujaribu tena, na lile somo lake la kazi na maisha sasa halifundishi kwa kicheko.

Basi nakuusia, mtu asije akakwambia pokea, nawe ukasema nshapokea kwa mzaha, kwa haraka, kwa kutaka yaishe. Kwetu neno hilo lina masikio. Uliza kwanza ni nini, uliza ni cha nani, uliza kinaisha lini.

Na jambo moja zaidi. Mwakani nnamaliza skuli, na mama yangu anataka niende Bara kusoma. Bi Mize yupo, Mungu amzidishie, na kiu hana, ila ngazi ni zile zile. Kwa hiyo ukikutana mjini na kijana mwenye mdomo, mcheshi, shati jeusi, bega moja limerowa, akakuvutia kiti na kukuuliza kwa adabu kama una nafasi siku ya Alhamisi, usimjibu mbio. Mtazame kwanza usoni.

Atakungoja. Mie si mtu wa kukata tamaa.