Mwanangu Anaongea

Kwa miaka ishirini na sita Zdravka Boneva na mimi tulitia sauti tamthilia za kigeni katika studio moja ndogo hapa Plovdiv, Bulgaria. Mimi nilisema maneno ya wanaume wote, yeye ya wanawake wote, kuanzia bibi harusi mpaka mama mkwe mkorofi.

Watu hawakumjua sura, lakini akifungua mdomo tu sokoni, amekwisha kutambuliwa. Siku moja muuza jibini alimnyooshea kisu.

"Kumbe ni wewe! Jana umemrudia tena yule mlevi! Una akili kweli, dada?"

"Si nimeandikiwa nimrudie?"

"Basi jibini langu hupati mpaka umwache!"

Mama yake, bibi Nevena, aliishi mji wa jirani, Asenovgrad. Alikuwa amepofuka, na kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo. Kila alasiri alikaa karibu na televisheni amsikilize binti yake.

Kisha watazamaji wakahamia mtandaoni. Vijana walitosheka na maandishi chini ya picha, vituo vikaacha kutuletea kazi, na mwezi Machi studio ikafungwa. Mwenye nayo aliuza kila kitu, pamoja na rekodi zetu. Mwaka huohuo Zdravka alipasuliwa koo. Alipona, ila sauti ilibaki kukwaruza kama mlango wenye kutu.

Jumapili moja alimpelekea mama yake banitsa, andazi la jibini, ikiwa ya moto. Jirani alikuwa amemwekea bibi tamthilia mpya ya mtandaoni. Zdravka alisimama mlangoni na sahani mkononi. Mwanamke wa kwenye tamthilia alikuwa akilia kwa sauti ya Zdravka, ile ya zamani, akisema maneno ambayo Zdravka hajawahi kuyasema.

"Mama, nimekuja."

"Shh! Nyamaza wewe. Mwanangu anaongea."

Kesho yake tulikwenda wote wawili kwenye ofisi ya kampuni iliyonunua rekodi. Kijana mmoja mpole alitukaribisha kahawa.

"Mama, huyo si wewe. Ni mashine imejifunza kwako. Na karatasi ulisaini."

"Nilisaini kusoma tamthilia. Sikusaini kuibiwa koo."

Mimi ndiye niliyeshikilia aende kwa wakili. Nilimwambia, "Usikubali, Zdravka, ni haki yako." Barua tatu zilitosha, kampuni haikutaka kelele. Wakaiondoa sauti yake, wakaweka ya mwanamke mwingine. Siku hiyo tulikunywa rakia, pombe kali ya matunda, nyumbani kwangu, nikamwita shujaa.

Wiki ile ile bibi Nevena aliacha kula.

"Zdravka yuko wapi?" alimuuliza jirani. "Mbona haongei tena? Nimemuudhi nini?"

Zdravka alihamia kwa mama yake. Alipunguza sauti ya televisheni mpaka ikazimika, akakaa chini karibu na kiti, akawa anasoma maandishi kwa nguvu zake zote, bibi harusi, mama mkwe, wote. Nilimkuta hivyo nilipokwenda kuwatembelea, mishipa ya shingo imemtoka. Bibi alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mgeni.

"Unasoma vizuri, mama," alisema mwishowe. "Mungu akubariki. Lakini ukimwona binti yangu, mwambie aje."

"Mama, ni mimi."

"Haya. Mwambie tu."

Jikoni Zdravka aliniambia anataka kuiandikia kampuni wairudishe ile sauti. Aliandika kweli. Walimjibu kwa heshima kwamba, kama alivyodai yeye mwenyewe, wameshaifuta yote.

Bibi Nevena alifariki mwezi Januari, siku ya theluji. Zdravka alimshika mkono mpaka mwisho, akimwimbia polepole. Bibi alimshukuru, akimwita dada muuguzi.

Siku hizi Zdravka anashona mapazia kwenye duka moja karibu na stesheni. Wateja wakiuliza kitu, anawaonyesha kwa kidole. Nikimpigia simu anapokea, ananisikiliza nikiongea, na baada ya muda nasikia amekata. Hajawahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu.