Mwokaji Asiyesikia Harufu

Yanayonong'onwa kwenye foleni ya duka, kwamba binti wa marehemu mwokaji si damu yake, ni uongo mtupu. Ukweli ni huu.

Mwokaji alizaliwa bila uwezo wa kusikia harufu, na hakumwambia mtu. Mkate aliujua kwa rangi na kwa mlio: aliugeuza, akaugonga chini kwa kidole, akatega sikio. Haukumuungulia hata mmoja, na waokaji wenye pua zao walikuja kumwiga.

Siku iliyomfichua, mafuta ya taa yalivujia gunia la unga. Akakanda, akaoka, akauza. Mteja wa kwanza akarudi mbio.

"Bwana mikate, hii ya kula au ya kujazia taa?"

Watu wakaangua kicheko. Mwokaji akaomba radhi, akafunga duka. Nyumbani mkewe akamketisha kitako.

"Hukusikia harufu, mume wangu?"

"Sijawahi kusikia."

Wakaenda hospitali. Daktari, mama mmoja mchangamfu, alimwangalia pua, kisha akamuuliza ndevu ananyoa mara ngapi.

"Daktari, kinyozi akinitegemea mimi atalala njaa."

Daktari hakucheka. Alieleza kwamba mtoto angali tumboni, nyuzi za neva huota kutoka puani kwenda ubongoni. Huongozwa na kemikali za mwilini: nyingine huziita, nyingine huzisukuma kando. Wito ukikosekana, nyuzi hupotea. Na chembe zinazokuja kuamsha utu uzima, yaani ndevu na uwezo wa kuzaa, husafiri kwa kufuata nyuzi hizohizo.

"Kwa hiyo na watoto..." Mwokaji akamgeukia mkewe.

"Chembe zako zilikwama njiani, ndugu yangu. Ila kazi yake sindano zinaweza kuifanya. Inataka subira tu."

Subira alikuwa nayo. Alijichoma mwenyewe, kabla ya kuwasha tanuri, bila kulalamika na bila kumwonea haya mkewe. Sauti ikawa nzito, ndevu zikaota, na baada ya kungoja sana mkewe akashika mimba. Wenye midomo wakaanza kuwachambua majirani wa kiume mmoja mmoja. Yeye akawa anambeba binti begani hadi dukani, mchana kweupe, akiwauliza wateja, "Paji hili la nani?"

Ya sindano yamesemwa kwa sababu binti ameanza kuyasikia maneno hayo njiani. Mengine ya nyumba ile ni ya mume na mke, na atakayeuliza hatajibiwa.