Vyumba Walikotubia Watu wa Kwanza wa Uamsho

Kanisa letu la Bukoba lilinituma London nikaone uamsho wa zamani wa Uingereza ulikoanzia, nirudi niwasimulie. Nilikubali kwa sababu yangu pia: mdogo wangu Koku anaishi huko, na hatukuwa tumeongea vizuri tangu mama azikwe bila yeye kuwepo.

Jumamosi nilitua nikiwa hoi bin taaban. Koku alinipokea na sare yake ya kutunza wazee, naye kachoka vilevile, tukasinzia kwenye treni hadi kwake Walthamstow. Alinipikia ndizi za sokoni, ngumu kweli. Nilizimaliza hivyo hivyo.

Jumapili tulikwenda mtaa wa Peckham, kwenye kanisa la Wakongo lililo juu ya saluni. Mchungaji akasema, "Mama, utupatie ushuhuda kidogo." Nikasimama, kama watu wa uamsho tunavyosimama kuweka dhambi nuruni. "Nilikuwa na kinyongo na mdogo wangu, hakuja kumzika mama. Leo nimemsamehe."

Ukumbi mzima, haleluya! Koku hakupiga makofi.

Ndani ya basi akaniambia, "Dada, umenianika. Nilikuwa sina makaratasi ya kuishi huku, ningetoka nchini nisingerudi. Na simu yako niliipata mama ameshazikwa." Nikajifanya nimelala.

Jumatatu yeye alikwenda kazini, nami nikajikokota na magoti yangu yanayouma hadi Moorfields, palipokuwa uwanja wa wazi zamani. Wahubiri wa mwanzo, karibu miaka mia tatu iliyopita, walipofungiwa milango ya makanisa, walihubiri hapo nje kwa watu wa kazi ngumu. Sasa ni ofisi tupu, na watu wanakula mikate yao haraka haraka. Jirani kuna kanisa la zamani lenye makumbusho madogo, na bibi mmoja anayejitolea pale alinieleza mengine. Walioongoka walikutana kila wiki vyumbani, wachache wachache, wakiungama. Wahubiri wakapanda farasi, wakaeneza vikundi hivyo mji hadi mji, na baadaye wamisionari wakavuka bahari.

"Waliungama nini hasa?" niliuliza.

"Kila mtu makosa yake."

"Na ya mwenzake?"

"Hayo aliyasema huyo mwenzake mwenyewe."

Nilitafuta benchi nikakaa. Niliona aibu sana.

Jioni Koku alikuwa anavua viatu nilipomwambia: "Mama aliumwa miezi miwili, sikukuambia. Nilikuwa na hasira, nilitaka uje bila kuitwa. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na jana niliificha."

Aliuliza, kiatu mkononi: "Alikuwa anaweza kuongea kwenye simu?"

"Aliweza. Alikuwa anakuulizia."

Alilia, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Jumatano alinisindikiza hadi uwanja wa ndege. Akanikumbatia, kisha akasema, "Dada, bado." Nikamwambia nimesikia.

Nimerudi Bukoba na uchovu ambao usingizi hauutoi. Kanisani niliwasimulia viwanja na vyumba vile, kisha nikaungama nililomfanyia Koku. Mzee wa kanisa akauliza kwa furaha, "Naye amekusamehe?"

Nilimjibu kwamba hilo ni lake kusema, nikaketi.