Tanzia ya Kimea cha Lukresia

Bwana Hironimus wa Mfaranyaki, Songea, anasikitika kutangaza kifo cha kimea cha mlamu wake, Lukresia, kilichotokea Machi 2019. Mazishi yatafanyika leo Jumatatu, saa kumi jioni, kwenye shimo la takataka nyuma ya choo. Habari ziwafikie pipa, kata, chekecheke na wanywaji wote wa zamani popote walipo.

Hivyo, au karibu na hivyo, ndivyo ilivyosikika siku kamati ya sendofu ya Dorine, binti wa Lukresia, ilipohamishia kikao uani. Mwenyekiti, Hironimus, ni kaka wa marehemu mume wa Lukresia. Ni mstaafu wa ofisi moja ambayo kazi yake ilikuwa kugonga mihuri, na tangu astaafu hajapata kitu cha kugonga. Alikuwa ameinamia kiroba cha kimea, miwani puani.

"Mlamu, hapa pameandikwa! Tumia kabla ya Machi 2019."

"Pameandikwa wapi?"

"Kwenye mfuko."

"Basi mfuko tusiupike," akasema Lukresia.

Kile kiroba kilikuwa cha unga wa ngano, ulioliwa zamani maandazi yakasahaulika. Kimea kilitiwa humo baadaye, na sasa kina miaka mitatu. Lakini mwambie hivyo mtu aliyekula mshahara kwa kuamini kilichoandikwa!

Kimea ni ulezi ulioloweshwa ukaota, ukakaushwa, ukasagwa. Bila hicho, pombe ni uji tu uliokosa adabu. Na Lukresia anakijua. Kwa miaka ishirini na sita alipika komoni nyuma ya nyumba yake. Kuna ndoa tatu Mfaranyaki zilizoanzia kwenye benchi lake, na mbili zilizoishia hapo hapo. Pombe hiyo ilisomesha watoto wanne, mmoja akawa mwalimu. Anafundisha madhara ya ulevi kwa ufasaha wa mtu aliyelipiwa ada na walevi. Kisha mume akafariki, shamba lao la Ruhuwiko likakatwa viwanja, sasa limeota mabati. Mwaka huo huo Lukresia akaanguka kwenye bodaboda, nyonga ikavunjika. Pipa la pombe likawa la maji ya kufulia. Wanywaji walikuja kumpa pole kwa uchungu mkubwa, wakauliza atapona lini, wakiangalia pipa.

Kilichobaki ni hicho kiroba, ulezi wa mwisho aliolima baba Dorine kwa mikono yake.

Jumamosi wakwe wanakuja kutoka Mbinga kumchukua Dorine, kitinda mimba. Dada zake wawili waliagwa kwa pombe ya mama yao, kikombe cha kwanza akimpa mkwe kwa mkono wake. Kamati ilikuwa imeshapitisha soda na bia za chupa, lakini Lukresia alitaka kupika mwenyewe. Kuotesha kimea kipya na kukikausha kungekula wiki nzima, na mvua hii hata nguo za ndani hazikauki.

"Cha sokoni kipo," Hironimus akasema.

"Kipo. Hakikulimwa na mdogo wako."

Mwenyekiti akakata neno sokoni kwenye muhtasari.

Lukresia akachota kiganja, akanusa. Fukusi walikuwamo, wanene, wanatembea kama wenye nyumba, akawachekecha. Harufu ya kuvu haikuwapo. "Kingenuka kuvu ningekimwaga mwenyewe," akasema. "Hata kuku nisingewapa. Sasa tuone kama kina nguvu. Dorine, nenda kaniitie mama Muhsini."

Mama Muhsini ni Mwanaisha, jirani, mtu wa Tunduru, muuza korosho stendi. Tone la pombe halijawahi kugusa ulimi wake.

"Unamwita Mwislamu aje kupima pombe?" Hironimus akashika kichwa.

"Namwita apime togwa, haijachacha," Lukresia akamjibu. "Ninyi wengine wote mna kiu. Hamfai kuwa mashahidi."

Akasonga uji wa mahindi, mzito, mwiko ukasimama wenyewe. Akauacha upoe hadi kidole kikaweza kuvumilia, akatia kimea, akakoroga, akafunika kwa blanketi. Kimea kizima huulainisha uji na kuutia utamu. Kilichokufa huuacha vilevile.

Ikapita saa nzima. Blanketi likafunuliwa: mwiko umesimama wima kama askari wa gwaride.

"Mimi nilisema," akasema Hironimus, kwa furaha ambayo haikumpendeza mtu. "Dorine, mwanangu, andika kreti za soda."

"Baba mkubwa, subiri kidogo," Dorine akasema. Hakuwa akimtazama yeye, alikuwa akimtazama mama yake, ambaye alikuwa amekaa kwenye ndoo, mkono kwenye nyonga.

Saa ya pili ikaenda. Walipofunua tena, mwiko ulikuwa umeinama. Mbele ya macho yao ukaendelea kuinama, taratibu, kama mzee anayesinzia kanisani, kisha ukalala ubavu kwenye ukingo wa sufuria.

Mwanaisha akachota, akaonja, akafumba macho. Hata fukusi walisubiri.

"Tamu," akasema. "Si utamu wa kukimbia, wa kutambaa. Kimechoka, lakini kizima, alhamdulillahi."

"Kwa hiyo kitafaa kwa pombe?" akauliza Hironimus.

"Hilo usiniulize mie. Utamu nimeutolea ushahidi. Ukishachacha, wallahi sikujui wewe wala sufuria."

Lukresia akainuka, akawafukuza wote uani, akaburuta pipa.

Jumamosi mkwe mkubwa wa Mbinga alipokea kikombe kwa mikono miwili, akakimaliza bila kupumua, akauliza kama binti anajua kupika pombe hii. Dorine akacheka, kisha akalia kidogo. Soda zilibaki kreti nne.

Hironimus alikuwa kwenye kikombe cha tano alipopokonya kipaza sauti.

"Ndugu waalikwa! Kimea hiki wataalamu walikikatia tamaa!" Hakuwataja wataalamu. "Naomba mlamu wangu atufunulie hekima ya mababu, siri ya kukirudishia uhai kimea cha miaka mitatu. Simameni!"

Watu wakasimama. Kipaza sauti kikapelekwa hadi mdomoni kwa Lukresia.

"Nilitia kingi."