Pazia la Ofisi ya Kijiji

Jirani yetu kijijini, upande wa Butiama, alizungusha seng'enge shambani kwake akaifunga njia ya ng'ombe ya kwenda lamboni kunywa maji. Mama alimfuata kwa heshima. Akajibiwa, "Njia gani, shangazi? Nionyeshe imeandikwa wapi." Basi ng'ombe wakawa wanazungukia mlimani, wanarudi na kiu ileile waliyoondoka nayo. Siku moja mama akanipigia simu Bweri ninakoishi. "Nitafutie mnunuzi mnadani Bunda. Nimechoka." Iliniuma! Ng'ombe hao ndio walionisomesha, jamani.

Mimi mdomo ninao, sifichi. Nilishasikia redioni kwamba ramani ya ardhi ya kijiji ni ya wananchi, anayetaka kuiona aonyeshwe. Nikafunga duka langu la Iringo, mimi huyo hadi kwa mtendaji wa kijiji. Akanitazama kama nimeomba mshahara wake.

"Una kesi, dada?"

"Sina."

"Sasa unaitakia nini?"

"Kuiona tu!"

Akasema niandike barua. Nikaandika. Niliporudi, barua ipo, ramani haionekani. Eti yeye ni mgeni kazini, kabati alilikuta hivyohivyo, akanifungulia nijionee mwenyewe. Ndani mlikuwa na jembe, mabango ya chanjo na trei la mayai. Mayai! Nilicheka huku nimekasirika.

Mara ya tatu nikaenda na mama, asubuhi. Tulibishana na mtendaji hadi mama akachoka kutusikiliza, akatoka kukaa kivulini nyuma ya ofisi. Punde tukamsikia, "Nyie! Hebu njooni huku!"

Tukamkuta amesimama dirishani. Ile karatasi kubwa nyeupe niliyokuwa naiona ofisini kila nikija, imebandikwa kwenye kioo kuzuia jua la jioni, kumbe sisi ndani tulikuwa tunatazama mgongo wake. Uso ulikuwa nje. Ndiyo ramani yenyewe! Rangi zilishapauka, lakini mlima upo, lambo lipo, na mstari umeandikwa "njia ya mifugo", unakatiza palepale kwenye shamba la jirani. Mama aliufuata kwa kidole juu ya kioo, akalia kidogo, kisha akacheka.

Mtendaji akajishika kichwa. "Mungu wangu! Mimi nilijuaga ni pazia."

Jirani akaitwa. Alitazama, akajikuna shingo, akaitazama tena, halafu akaenda kukata seng'enge yake. Habari za mnada wa Bunda zikaishia hapo.

Mtendaji akaingia ndani, akaanza kuibandua ramani aifungie kabatini, ikae salama. Mama akamshika mkono.

"Iache hapohapo, baba."

"Jua litaimaliza, mama."

"Basi chora nyingine, uifungie na hayo mayai yako. Hii iache itazame nje."